Mwali Aliyekaa Ndani ya Simu

Usiku wa jana niliota vidole vyangu vimeketi ukingoni mwa kitanda, vimejifunga kanga, vinangoja nifungue kikao kwa sala. Sikushangaa. Nilivisalimu, vikaitikia kwa heshima, isipokuwa kidole gumba, ambacho kilikuwa kimenuna.

"Mama," kikasema, "sisi hatuwezi tena."

Nilijua kinazungumzia nini. Lakini ili msomaji asiachwe nyuma, nieleze kwanza jambo lililonipeleka kitandani na moyo mzito.

Mimi ni mbanguaji wa korosho hapa Masasi, na jioni nasoma darasa la watu wazima. Mwaka huu nataka kufanya mtihani wa kidato cha nne, nami nimeshakuwa bibi. Usajili unafanyika kwenye tovuti ya chuo chetu, na dirisha la usajili lilikuwa lifungwe leo adhuhuri. Asiyejisajili atasubiri mwaka mwingine, na mimi miaka yangu ya kusubiri nimeshaitumia yote.

Nilikuwa na nenosiri. Nililipoteza kwa kusali.

Ilikuwa siku ya sala ya jumuiya yetu ya kanisani, nyumbani kwa Mzee Ponsiano, mwenyekiti wetu. Ulipofika wakati wa kila mtu kutoa ombi lake kwa sauti, mama mmoja aliombea mguu wake, mwingine akaombea mvua, na mimi nikafumba macho nikasema: "Ee Bwana, mtumishi wako ni msahaulifu. Nisaidie nisilisahau nenosiri langu la chuoni, ambalo ni Dafrosa atafaulu, yote kwa pamoja, na mwishoni alama ya mshangao. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," jumuiya nzima ikaitikia.

"Alama ya mshangao ni moja au mbili?" akauliza Mzee Ponsiano, macho bado ameyafumba. "Ili tuombe vizuri."

"Moja, mwenyekiti."

"Twakuomba utusikie."

Wiki haikwisha. Nilipofungua ukurasa wangu wa chuo, mahali pa picha yangu palikuwa na mbuzi. Mbuzi mzuri tu, mwenye ndevu, anayetazama mbele kama mtu aliyekwenda kupiga picha ya pasipoti. Nani aliyeiweka, mpaka leo hajulikani. Jumuiya yetu ina watu wengi.

Mwalimu Likwata, anayetufundisha kompyuta, alicheka mpaka akatoa leso.

"Bi Dafrosa," akasema, "wewe usipewe tena neno lolote la kutunza. Tutakuwekea ufunguo wa siri. Huo hukariri wala huandiki. Unakaa ndani ya simu yako. Tovuti ikiuliza, simu inajibu kwa niaba yako. Kazi yako ni kuigusa kwa kidole tu, ijue kwamba ni wewe."

"Na nikiuombea?"

"Hata parokia nzima iuombee, hakuna cha kutaja."

Tukauweka. Siku ile kidole gumba kilikubaliwa vizuri, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuugua homa, sijagusa korosho kwa muda, na ngozi ilikuwa imeanza kurudi. Simu ilitaka pia namba za akiba za kuifungulia, nikaziweka. Na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza, safari hii sikumtajia mtu, hata Mungu. Nikazisahau kabla sijafika nyumbani.

Kisha nikarudi kazini. Anayebangua korosho anajua kwamba mafuta ya lile ganda huunguza ngozi na kuichuna, mpaka kidole kinabaki laini kama kijiko. Jana, nilipotaka kujisajili, simu ikakikataa kidole gumba. Nikakifuta, ikakikataa. Nikakipaka ndimu, ikakikataa kwa kutetemeka.

Bi Somoe, jirani yangu na mwenzangu wa meza moja kiwandani, alinitazama nikihangaika.

"Shoga, korosho imeshakula vidole vyako vyote hivyo," akasema. "Kimebaki hicho cha mwisho tu, kinachoringa. Wenzake wanabangua, chenyewe kimekaa hewani kama mgeni wa harusi!"

Ni kweli, nina tabia hiyo. Nikishika kazi, kidole changu kidogo hujitenga. Nilizaliwa hivyo. Nilikwenda nyumbani, nikasali rozari nzima kwa ajili ya lile dirisha, nikalala.

Ndipo nikaviona vidole ukingoni mwa kitanda.

"Hatuwezi," kidole gumba kikarudia. "Mistari yetu imekwisha. Jana nimejigusisha kwenye ile simu mpaka nikaona haya. Inaniuliza, wewe nani? Mimi! Niliyepigwa wino siku mama anajiandikisha kupiga kura!"

"Poleni," nikasema. "Lakini dirisha linafungwa."

Nilipotamka tu neno dirisha, ukuta wa chumba ulijikunja kama mkeka na kusimama pembeni. Naona shamba la mikorosho. Katikati ya shamba limesimama dirisha la mbao, peke yake, bila nyumba. Limefunguka nusu. Jua lenyewe limeshuka chini na limeweka bega kwenye ubao, linalisukuma lifunge, polepole, kama mtu aliyelipwa kwa siku.

"Shikamoo," nikaliambia jua.

"Marahaba," likajibu. "Usinisemeshe, nina kazi."

Dirisha likakohoa. "Dafrosa Mnali! Unataka kuingia?"

"Nataka kujisajili, mheshimiwa."

"Basi nina swali. Swali lenyewe ni hili: kunguru, sufuria, mvua ya Jumanne, kisigino."

Nikafikiri kidogo. "Hilo si swali."

"Ndilo swali la leo. Jana lilikuwa jingine, kesho litakuwa jingine, halirudii. Wewe usilijibu, si kazi yako. Lipeleke kwa aliye ndani, alitie alama yake, uniletee."

"Aliye ndani ya wapi?"

"Ndani kwako," dirisha likasema, likanikabidhi swali likiwa limefunikwa kwa kawa, bado la moto.

Nikageuka, na nyumba yangu haikuwa nyumba tena. Ilikuwa simu yangu, imesimama wima, kubwa kama kanisa la kigango, na ule ufa wake wa kona ya juu ambao nimekuwa nikisema nitautengeneza. Barazani imekaa jumuiya nzima inaimba. Mahali ninapokaaga mimi amekaa mbuzi mwenye ndevu, anaimba sauti ya pili, wala hakosei.

Katikati yao amesimama mzee mmoja mchangamfu, amevaa koti jeupe lililopigwa herufi kubwa na ndogo. Kichwani ana alama ya mshangao moja. Anapeana mikono na kila mtu.

"Dafrosa atafaulu!" watu wanamwita. "Mzee Dafrosa-atafaulu, karibu na huku!"

"Nakuja, nakuja," anasema, na anakwenda kila anakoitwa.

Nilimtambua. Alikuwa nenosiri langu la zamani.

"Mzee wangu," nikamwambia, "twende ukanifungulie dirisha."

Akaniangalia kwa upendo. "Mwanangu, mimi nimestaafu. Siri yangu iliisha siku ile ulipofumba macho. Sasa mimi ni wa watu wote. Lakini sikulaumu! Tangu nizaliwe nilikuwa nimefungiwa kichwani mwako peke yangu, gizani, na mambo yako mengine yale. Sasa natembea." Akamshika mkono mbuzi, wakaendelea na wimbo.

Nikaingia ndani na kawa langu. Ndani kulikuwa na chumba kimoja, na chumba kilikuwa na pazia. Nje ya pazia kulikuwa na viatu vidogo vipya ambavyo havijawahi kukanyaga vumbi. Hapo nikaelewa. Sisi watu wa huku kusini tunajua maana ya chumba cha namna hiyo. Ndani yake kuna mwali. Amewekwa ndani, haonwi, hatoki, na hasemeshwi ovyo.

"Hodi," nikasema.

"Karibu hapohapo nje," ikajibu sauti changa. "Mimi ni ufunguo wako. Usifunue pazia."

"Sifunui, mwanangu. Lakini sijakuona hata siku moja."

"Wala hutaniona. Hata fundi simu hanioni. Nikionwa tu, nimeharibika."

"Dirisha limeleta swali."

"Lipitishe chini ya pazia."

Nikalipitisha. Nikasikia akilinusa. "Kunguru, sufuria, mvua ya Jumanne, kisigino. Sawa. Ni la dirisha letu kweli. Nitalitia alama yangu, nawe utalirudisha. Mimi nitabaki hapa. Alama inakwenda, mimi siendi. Lakini kwanza bisha kwa kidole, nijue ni mwenye nyumba."

Kidole gumba kikasonga mbele, kikabisha.

"Nani?"

"Gumba."

"Sikuoni. Wewe ni yai."

Cha pili kikabisha, cha tatu, cha nne. Mwali akaviita kimoja kijiko, kimoja sabuni, kimoja mshumaa. Hakusema kwa dharau, alisema anachokiona. Vidole vikaanza kulia, na mimi nikawa navibembeleza huku nikichungulia nje. Jua lilikuwa limesogeza ubao. Uwazi uliobaki ungetosha mtu mwembamba, na mimi si mwembamba.

Ndipo mlangoni kikasikika kishindo cha miguu ya mbao.

Liliingia dirisha jingine. Lilikuwa limepakwa rangi ya buluu mpya, lina pazia la maua, na limefunguka kote kote mpaka bawaba zinalia. Lilikuwa linatembea kwa miguu yake lenyewe.

"Dada Dafrosa!" likasema. "Nimesikia unahangaika. Mimi ndimi dirisha la usajili. Nikaona nikufuate hapahapa, mama mtu mzima usitembee juani. Lete ufunguo mara moja tu, nimalize, nikurudishie."

Nawaambia kweli, moyo wangu ulipiga vigelegele. Lilikuwa limeandikwa jina la chuo chetu, na nembo, na chini "Karibu Tukuhudumie". Lile la shambani halikuwa hata na rangi.

"Mwali," nikasema, "dirisha limetufuata nyumbani. Limefunguka vizuri. Toka, mama, toka tukamalize."

"Sitoki."

"Nakuomba kwa jina la Bikira Maria."

"Naye alikaa kwao, malaika ndiye aliyemfuata. Sitoki."

"Lakini hili nalo limetufuata!"

"Malaika hakuomba ufunguo," mwali akasema. "Mama, mimi sijui nembo. Sijui rangi. Nimefungiwa, nitazionea wapi? Najua jambo moja tu: siku niliyowekwa ndani, nilionyeshwa dirisha langu liko wapi. Liko shambani, kwenye mikorosho. Halitembei. Dirisha linalotembea kuwafuata watu mimi silijui, hata likija na baba yako mzazi."

"Mwali wenu hana adabu," dirisha la buluu likasema, na maua ya pazia lake yakaanza kunyauka. "Nyumba hii haina mtu wa kunisikiliza?"

"Nipo mimi!" akaita Mzee Dafrosa-atafaulu kutoka barazani. "Karibu, karibu! Umesema unaitwa nani? Haidhuru!"

Akaruka ndani ya lile dirisha kwa furaha, na koti lake, na alama yake ya mshangao. Dirisha likafunga mdomo, likatoka mbio likikatiza kwenye mihogo ya watu. Kwa mbali tulisikia mzee akisema kwamba safari ni nzuri. Jumuiya ikampungia mkono. Mbuzi akafuta machozi.

Nikakaa chini, nje ya pazia. Nilikuwa nimechoka. "Mwali," nikasema, "umefanya vyema. Lakini mimi ndiye mwenye nyumba, na sina kidole. Nimefanya kazi mpaka sijulikani kwangu mwenyewe. Mwaka huu ukinipita, haurudi."

Jua lilisikika nje likihema.

"Jamani," ikasema sauti nyembamba, "mnaniruhusu niseme?"

Wote tukageuka. Kilikuwa kidole changu kidogo. Hakikujifunga kanga kama wenzake. Kilikuwa kimesimama pembeni, hewani, kama kawaida yake.

"Wewe kaa," kidole gumba kikasema. "Hujawahi kushika korosho hata moja. Watu wamekusema."

"Ndiyo," kidole kidogo kikajibu. "Wamenisema sana. Bi Somoe ananisema kila siku. Lakini sikuwa naringa. Nilikuwa nawatunzia." Kikajigeuza, kikatuonyesha tumbo lake. Lilikuwa na mistari yote, mizuri, imezunguka kama matuta ya shamba lililolimwa na mtu mwenye subira. "Hii ni ya familia. Niliiweka kwa ajili ya siku kama hii."

Kidole gumba kikavua kanga yake, kikamvika mdogo wake.

"Mwali," nikapiga kelele, "tunaye!"

"Simfahamu huyo," mwali akasema. "Hakuwahi kuletwa kwangu. Akitaka kuingia, mwenye nyumba atoe namba za akiba."

"Nimezisahau, mwanangu. Sikumwambia mtu."

"Mwambie Mungu."

"Nikisali watanisikia." Na kweli, barazani jumuiya yote ilikuwa imeshanyamaza. Mzee Ponsiano alikuwa ameshika sikio lake kwa mkono, tayari.

"Sali kwa ndani," mwali akasema.

Mimi nimelelewa kusali kwa sauti. Bibi yangu alikuwa akisema sala za asubuhi na kijiji cha jirani kinajibu. Kusali bila mdomo niliona kama kula bila kutafuna. Lakini nikapiga magoti, nikaufunga mdomo kwa kanga, nikamwambia Mungu kwa ndani: wewe ulikuwepo nilipoziweka. Basi, sikusema zaidi.

Zikaja. Namba zikaja moja moja kwa adabu, zimeoga, zikakaa kwenye mkeka kwa mpangilio wao. Nilizitambua zote.

"Twakuomba utusikie," jumuiya ikaitikia, ingawa hakuna aliyesikia kitu.

"Alisemaje?" Mzee Ponsiano akauliza.

"Hatujui, mwenyekiti."

"Zimefika," mwali akasema kwa furaha. "Usizitaje. Sasa mlete mwana. Aguse. Ainuke. Aguse tena. Ainuke."

Kidole kidogo kikawa kinagusa na kuinuka, kinagusa na kuinuka, na jumuiya ikaona ni ngoma, ikapiga makofi kufuata. Vile vidole vinne vikapiga vigelegele. Hata ufa wa kona ya juu ulicheza kidogo.

"Jina lake nani, nimwandike?" mwali akauliza.

Nikafikiri. Ndugu zake wakubwa wamefanya kazi mpaka wakaisha, yeye amezaliwa mwisho akabeba mistari ya wote. "Mwandike Kitindamimba," nikasema.

"Kitindamimba, bisha hodi."

Kikabisha.

"Nani?"

"Ni sisi."

"Nawaona," mwali akasema, na chini ya pazia likatoka swali langu, limetiwa alama iliyong'aa kama mafuta kwenye maji.

Nikakimbia. Mikorosho ilinipisha. Jua lilikuwa limebakiza uwazi wa kupitisha sahani, na jasho linalitoka. Nikalisukumiza swali ndani.

Dirisha likalitazama. Likaligeuza. Likalitazama tena.

"Ni yeye," likasema, na ubao ukafunguka kwa nguvu mpaka jua likaanguka chali kwenye majani makavu.

"Hukuweza kusema mapema?" jua likalalamika. Likajipangusa, likapanda tena juu.

Mimi nimeshaweka mguu mmoja dirishani. Ndani naona madawati, naona jina langu ubaoni, naona kalamu imesimama inanisubiri. Naingiza mguu wa pili, na kengele inalia.

Ilikuwa kengele ya misa ya asubuhi. Nilikuwa kitandani kwangu, na ukuta ulikuwa mahali pake. Namba za akiba zilikuwa zimekwenda tena, sikumbuki hata moja.

Nikaishika simu. Nikaona haya kidogo kujaribu, mtu mzima kufuata ndoto. Nikakileta kidole kidogo, ambacho haki ya Mungu sijawahi kukigusisha hapo tangu ninunue simu ile.

Ikafunguka.

Nikaingia kwenye tovuti ya chuo. Ikanitaka niguse. Nikagusa kwa kilekile. "Karibu, Dafrosa Mnali," ikaandika, na pembeni ya jina langu yule mbuzi ananitazama. Nikajisajili, somo baada ya somo, mpaka ikaniandikia kwamba nimepokelewa, na jua la kweli bado liko chini kabisa.

Nikapiga magoti kushukuru. Nikafungua kinywa. Nikakumbuka, nikakifunga.

"Shoga!" Bi Somoe akaita kutoka upande wa pili wa ukuta. Huyo hutumia sala zangu kama saa ya kuamkia. "Leo husali? Mbona kimya? Unaumwa?"

"Nimeshamaliza!" nikajibu.

"Umesema nini?"

"Siri!"

Nikamsikia akicheka peke yake. Nikaichukua tena simu, nikaenda pale Mwalimu Likwata aliponionyesha, kwenye orodha ya vidole vilivyoruhusiwa. Siku zote hapo palikuwa na mstari mmoja tu, uliojiandika wenyewe: Kidole 1. Sasa chini yake kulikuwa na mstari wa pili. Niliusoma, nikavaa miwani, nikausoma tena.

Kitindamimba.

Nacho chenyewe, pembeni ya simu, kilikuwa hewani.